Shati la Juu Haliingii Hesabu

Kwanza niseme, mimi si mtu wa kulia. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwa kaka yangu na begi moja na mdomo wangu, na hata siku hiyo sikulia. Niliuliza tu nitalala wapi. Kwa hiyo mkinisikia nasimulia habari za wifi yangu bila kupandisha wala kushusha sauti, msidhani sikujali. Ile miaka miwili ilitutoa kitu mwilini, na mpaka leo hakijarudi.

Wifi yangu, mke wa kaka, watu wanamwita Mkasi. Si kwa sababu ya ulimi. Mwenye ulimi mkali nyumba ile ni mimi, na hilo hakuna anayebisha. Anaitwa Mkasi kwa kuwa ni mkataji kwenye karakana ya sare za shule. Wenzake wanashona, yeye anakata. Nilimwona kazini siku moja nilipompelekea chakula. Meza ndefu, kitambaa kimetandazwa tabaka juu ya tabaka, na yeye kasimama na chaki nyuma ya sikio, mashine ya kukatia mkononi, anafuata mstari taratibu kama hana haja ya kupumua. Pale mtu akikosea hajakosea shati moja, kakosea mashati arobaini, na bosi anayakata kwenye mshahara yote.

Siku hiyo alinieleza jambo moja. Wakiagizwa mashati arobaini, kitambaa hutandazwa mara arobaini na moja. Tabaka la juu ndilo linalochorwa chaki, linatobolewa na pini, linadondokewa na mafuta ya mashine. Likishakatwa linatupwa kwenye matambara.

"Shati la juu haliingii hesabu, wifi," aliniambia.

Miaka kumi na tisa alikuwa akihesabu hivyo, na hajawahi kukosea.

Sasa deni. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Alipata oda ya grili za madirisha arobaini na mbili kutoka kwa mkandarasi mmoja mwenye gari safi na maneno laini. Hela ya vyuma hakuwa nayo, basi akaenda ofisi ya mikopo akaweka rehani hati ya nyumba. Nyumba yenyewe vyumba viwili na jiko, lakini ni yetu, na bati halivuji. Wifi alikwenda naye siku ya kuchukua fedha. Karani akawahesabia dirishani, halafu akatoa fungu moja akalirudisha kwenye droo yake. "Hili tunakata kabisa, la kwanza," akasema. Marejesho yalikuwa ishirini na nne, kila tarehe kumi na mbili, kuanzia miezi mitatu mbele. Ukikosa, notisi inabandikwa mlangoni. Wakatia sahihi karatasi sita bila kuzisoma. Jamani, mtu yuko kwenye shida, fedha ziko mbele yake, ndio akae asome?

Kaka alichomelea wiki saba. Grili zikafungwa. Mkandarasi akasema anafuata malipo, na nadhani mpaka leo bado anayafuata. Simu yake haipatikani. Grili zipo, ukipita mtaa ule utaziona, nzuri, zimepindwa maua, na watu wanalala salama nyuma yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hata hiyo harusi hatukuiona.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana wifi alibandika karatasi ya kahawia, ile wanayochorea mitindo kazini, kwenye mlango wa kabati. Akaandika matumizi yote ya nyumba ya mwezi mzima. Mistari kumi na saba. Tulikuwa tumekaa wanne: kaka, yeye, mimi, na binti yao. Binti tunamwita Profesa, maana tangu akiwa mdogo ukimuuliza kama ameshiba naye anakuuliza kwa kipimo gani.

"Kitambaa kikiwa kifupi hukati mkono," wifi alisema. "Unapunguza pindo kwanza. Halafu unatoa mfuko. Halafu unapunguza kola. Kwapa huligusi, maana ukiligusa nguo haivaliki."

Basi tukaanza na pindo. Sukari. Nyama ya Jumapili. Soda za wageni, na baadaye wageni wenyewe. Kaka alitoa gazeti, akajifanya halimwumi. Sabuni ya kuogea ikakatwa vipande vitatu. Kila mstari ukikatwa wifi alivuta kalamu mara moja tu, iliyonyooka, hakurudia.

Mstari mmoja aliuandika kwa wino mwekundu. Ada ya mtihani. Profesa alikuwa amebakiza miaka miwili ya sekondari, na bila mtihani ule wa mwisho huendi popote. Alitaka kusomea kazi ya maabara, kupima damu za watu. Fedha yake ilikuwa inaingia kidogo kidogo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

"Huu ndio kwapa," wifi alisema. "Huu haukatwi. Hata mkinikuta nimekufa, mnizike na shuka kuukuu, lakini kopo msiliguse."

Mimi muda wote huo macho yangu yalikuwa yanatafuta mstari wangu. Nakula pale, nalala pale, naoga maji ya pale. Niliisoma ile mistari yote kumi na saba, sikujiona. Nikajiambia, bado hajaamua aniweke wapi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa na mwaka wa tatu. Kwa hiyo nikajitangulia mwenyewe. Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu.

"Kata umeme wa pasi," nikasema. "Nitatumia ya mkaa."

"Itakuchosha mkono, wifi."

"Mkono ni wangu."

Akakata. Halafu akachukua kitambaa cha sare cha bluu akakata vipande ishirini na nne, vidogo kama stempu, akavitunga kwenye msumari juu ya kabati. Kila akishalipa atatoa kimoja. Siku msumari utakapobaki mtupu, nyumba ni yetu.

Siku za mwanzo tulikuwa tunacheka. Kaka alikoroga chai isiyo na sukari kwa kijiko, akasema anakoroga kumbukumbu. Profesa alitoa hesabu ya mara ngapi mtu anaweza kunawa kwa kipande kimoja cha sabuni. Baada ya miezi minne mitano hakuna aliyesema kitu. Mnakula, mnanawa, kila mtu anaangalia kikombe chake. Sio kwamba tulikuwa na huzuni. Huzuni naijua, huzuni ina joto. Sisi tulikuwa tumekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, unaugusa unajua ni wako lakini hausikii mkono.

Mwezi wa sita wa deni ikakatwa nauli ya kwenda ofisi ya mikopo. Wifi akawa analipia kwa wakala wa simu aliye karibu na karakana. Mwezi wa tisa ikauzwa simu ya kaka, na namba yake ikafa nayo. "Wateja wangu wanajua nilipo," alisema, ingawa wateja wenyewe walikuwa wamebaki wawili. Mwezi wa kumi na nane akauza mashine ya kuchomelea, akawa kibarua kwa mtu aliyekuwa msaidizi wake zamani. Jioni anarudi na macho mekundu, anakaa kwenye kigoda mlangoni. Nikimchokoza hajibu. Kumchokoza kaka yangu na asijibu, hiyo kwangu ilikuwa mpya.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ilikuwa mwezi wa kumi na nne. Napiga pasi, naangalia ule msumari, vimebaki vipande kumi. Sijui nini kilinituma. Nikakumbuka lile fungu karani alilorudisha kwenye droo, wifi mwenyewe alikuwa amenihadithia.

"Wifi, lile la kwanza walilokata dirishani, ulilitoa kwenye hesabu?"

"Lile la kwao," akasema. "La ofisi. Si unajua, shati la juu haliingii hesabu."

"Lakini yeye si alisema la kwanza?"

Alikuwa amesimama mbele ya karatasi, kalamu mkononi. Mwezi huo kitambaa kilikuwa kifupi tena. Aligeuka akaniangalia, hakunikasirikia, aliniangalia tu, uso umechoka, na mimi nikaona kalamu ile inatafuta kitu cha kukata. Mdomo huu mnaousikia, uliowahi kumjibu mkwe wangu mbele ya watu, ukafunga. Nilijisemea, funika kombe mwanaharamu apite, usije ukawa wewe ndio mstari unaofuata. Ofisi ilikuwa nusu saa kwa basi. Ningeweza hata kwenda kwa miguu. Sikwenda. Profesa alikuwa kwenye mkeka anaandika kazi ya shule, hakuinua kichwa.

Miezi ikapita. Msumarini kikabaki kipande kimoja.

Mwezi huo karakana ilikosa oda, wakalipwa nusu mshahara. Rejesho tarehe kumi na mbili. Mwisho wa kulipa ada ya mtihani, tarehe kumi na tano. Tulishagonga kila mlango wa kukopa mtaani, wengine wakituona wanakuja kutusalimia nje ili tusiingie. Kaka alitembea siku tatu akitafuta kibarua cha ziada, akapata cha siku moja. Cha kuuza hakikubaki. Hata kabati lile tungeliuza, isipokuwa milango yake ilikuwa haifungi.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili tulisimama wote wanne mle chumbani. Profesa alikuwa kashavaa sare, pengine iliyokatwa na mama yake. Kopo la biskuti lilikuwa mezani.

"Moja tu limebaki," wifi alisema. "Ishirini na tatu tumelipa, tuje tupoteze nyumba kwa moja?"

Kaka aliangalia sakafu. Mimi niliangalia kopo.

"Chukueni," Profesa alisema. "Mwakani nitafanya."

Alisema kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake apite kwanza. Wifi akaisogelea karatasi. Kalamu ikagoma. Akaipuliza, akaisugua kwenye kiganja, bado. Profesa akafungua begi lake la shule, akatoa ya kwake.

"Tumia hii, mama."

Wifi akakata ule mstari mwekundu. Mara hii mkono haukunyooka, ukapinda kidogo katikati. Profesa alitazama saa ya ukutani akasema atachelewa, akaenda shule. Nilitegemea moyo wangu ungefanya kitu. Haukufanya kitu. Nikaenda kuwasha mkaa wa pasi.

Mchana wifi alilipa kwa wakala. Jioni akapanda kiti akatoa kipande cha mwisho. Msumari ukabaki mtupu, tukala, tukaosha vyombo. Hakuna aliyepiga vigelegele. Nilikuwa nimeshasahau koo linafanyaje.

Tarehe ishirini aliomba ruhusa kazini, tukaenda wawili kuchukua hati. Dirishani alikuwepo karani mwingine, binti mdogo mwenye miwani, mpole. Akabonyeza mashine yake, akasoma, akabonyeza tena.

"Mama, mkopo huu ulifungwa mwezi uliopita."

"Hapana, mwanangu. Nimelipa wiki iliyopita. Risiti hii hapa."

"Ndiyo, naiona. Hiyo imezidi." Akageuza kioo cha mashine ili nasi tuone, kana kwamba tungeelewa. "La kwanza lilikatwa siku mnachukua. Mlibakiza ishirini na tatu. Tulituma ujumbe kwenye namba ya mzee, hamkuupata?"

Wifi alikuwa ameweka mkono wa kulia kwenye kaunta, vidole vimekunjuka, anavitazama.

"Lile la juu," akasema.

"Lipi, mama?"

Karani akaenda kuleta fedha. Alizihesabu mara mbili mbele yetu, akatia kwenye bahasha pamoja na hati, akatupongeza. Alitupongeza kwa moyo safi, sina ugomvi naye.

Tulikwenda moja kwa moja shuleni, kwa miguu, wifi mbele mimi nyuma. Mwalimu mkuu alitukaribisha vizuri. Akapiga simu mbele yetu, akaeleza, akaomba, akasema mama wa watu yuko hapa na fedha mkononi. Akasikiliza. Akakata simu. Orodha ya watahiniwa ilishaondoka tarehe kumi na tano, saa kumi jioni. Mpaka mwakani.

"Asante, mwalimu," wifi alisema.

Njiani aliingia dukani akanunua sukari robo. Alikuwa hajanunua sukari miaka miwili, akasahau hata kuuliza bei.

Kaka tulimkuta kwenye kigoda chake. Wifi aliweka bahasha mezani, akamweleza kwa sentensi tatu. Kaka alishika hati, akaigeuza nyuma, akairudisha. Fedha hakuzigusa. Mimi nikaona sasa nitapasuka, na ajabu nilishukuru, maana ilikuwa muda mrefu sijaona dalili ya kupasuka.

"Wifi, mimi nilijua," nikasema. "Yaani nilihisi. Nilikuuliza siku ile, ukanijibu, nikanyamaza. Ningekung'ang'ania. Ningeenda mwenyewe. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kukatwa. Kwenye karatasi. Nilikuwa nangoja mstari wangu."

Alinitazama kama nimezungumza lugha nyingine.

"Hukuwemo kwenye karatasi, wifi. Watu sikuwaandika. Nani anamwandika mtu?"

Halafu wote watatu tukageuza macho kwenye ule mlango wa kabati, palipokuwa na wino mwekundu na ule mkato uliopinda. Wifi akakaa chini.

Profesa alirudi saa tisa. Mama yake alimwambia mwenyewe, hakuniachia mimi wala kaka. Mtoto alisikiliza akiwa amesimama, begi mgongoni. Hakulia, na mimi niliyesema si mtu wa kulia nilitamani alie, nilitamani avunje kikombe, atutukane. Aliuliza tu:

"Mkataba mnao?"

"Nakala imo kabatini," kaka alisema.

Akafungua kabati. Ilibidi afungue ule mlango wenye karatasi ya matumizi ili afikie rafu. Karatasi sita zilikuwa nyuma yake tu, chini ya chupa tupu, hazijawahi kukunjuliwa tangu siku ya sahihi. Miaka miwili zilikuwa zimelala pale, na kwenye nyumba ile alikuwepo mtu mmoja anayependa kusoma kuliko kula, na hakuna aliyewahi kumwambia hebu tusomee.

Alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza. Akafunua.

"Ipo hapa," akasema. "Ukurasa wa pili, mstari wa tano."

Hakuisoma kwa sauti. Akazikunja zile karatasi vizuri, akazirudisha chini ya ile chupa, akafunga mlango, ukafunguka, akaufunga tena. Chai ilikuwa mezani, ina sukari, inapoa. Kaka alikoroga ya kwake, akakoroga, akakoroga.

"Shangazi," Profesa akaniita.

"Abee, mwanangu."

"Siku ile ulipomuuliza mama, nilikusikia. Nami nilihesabu, nikapata ishirini na tatu. Nikasema shangazi akinyamaza, basi nimekosea mimi."

Mimi, na mdomo wangu.

Akamgeukia mama yake. "Mama, naomba kalamu yangu."

Wifi alikuwa nayo bado, kwenye mfuko wa gauni, tangu tarehe kumi na mbili. Akampa. Profesa akaiweka kwenye begi la shule, akavuta zipu. Halafu akapanda kiti, akalipandisha lile begi juu ya kabati, akalisukuma mpaka ukutani, chini ya ule msumari mtupu, akashuka akaja kunywa chai.